Viatu Vyeupe Chini ya Pazia

Felisita ni nesi wa zahanati ya kijiji, upande wa Kasoli, na kama kufundisha wenzake kungekuwa ugonjwa, yeye angekuwa amelazwa miaka ishirini na nne sasa. Asije mtu akasema hapa anasengenywa. Kila kilichomo humu kakisema mwenyewe kwa mdomo wake, benchi zima la kina mama likisikia, na kila alipojionea huruma kidogo alirudi nyuma akajisema upya.

Jumanne ni siku ya kliniki ya mama na mtoto. Watoto wakishapimwa uzito na kadi zikishaandikwa, Felisita husimama mbele ya benchi, mikono kiunoni, akaanza masomo yake. Somo la kwanza ni uji. La pili ni chandarua. La tatu, analolipenda kuliko yote, ni aibu. "Aibu inaua watu wengi Simiyu hii kuliko malaria," husema, takwimu aliyoitunga mwenyewe na ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza kaitoa wapi. Kisha hunyoosha kidole kwenye mlango wa chumba cha matibabu. "Mkiingia mle ndani hakuna mkwe, hakuna shemeji, hakuna mzee wa kanisa. Kuna mgonjwa na kuna nesi. Basi!"

Hiyo "basi" huipiga na mguu chini, makusudi, ili watu watazame viatu. Ana raba nyeupe alizonunua Bariadi mjini, na kila Jumapili baada ya misa anazisugua kwa mswaki na kuzipaka rangi. Katika nchi hii ya udongo mweusi, ambao mvua ikinyesha unakung'ang'ania hadi magotini, mwenye viatu vyeupe ni mtu anayetaka aonekane. Felisita hakatai. Kata nzima hakuna mwenye viatu kama vile.

Mtoto anaye mmoja tu, Goodness. Baba yake Goodness alikwenda machimboni Geita mtoto akiwa anatambaa, na mpaka leo bado hajamaliza kwenda. Basi Felisita akamlea peke yake. Zamu zilipokuwa ndefu mtoto alilala stoo ya dawa, ndani ya katoni, kajifunika koti la mama yake, na wagonjwa wengine walidhani zahanati inagawa watoto. Goodness akakua, akasoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi ya hapo hapo kijijini, akaolewa, akashika mimba. Wakati wa mambo haya ilikuwa na miezi saba. Lakini kwa mama yake bado alikuwa ndani ya katoni, na simu alimpigia mara tatu kwa siku.

"Umekunywa vidonge vya damu?"

"Nimekunywa, mama."

"Toa ulimi nione."

"Mama, hii ni simu."

Aliyemwoa anaitwa Nyanda, mkulima wa pamba, kijana wa watu, mwenye jozi mbili za ng'ombe wa kulimia. Felisita alikuwa amemwombea mwanawe mhasibu, au angalau afisa kilimo mwenye pikipiki ya serikali, lakini Mungu ana mambo yake. Na Nyanda alikuwa na adabu ya kupitiliza. Kisukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawakai benchi moja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Nyanda alikuwa akiziona zile raba nyeupe kwa mbali tu, anashuka kwenye baiskeli, anaingia zake katikati ya pamba ya mtu, anasimama huko amegeuka mpaka mama mkwe apite. Miaka miwili ya ndoa, Felisita hakuwahi kumtazama usoni sawasawa. Mkwe wake alimjua kwa kisogo.

Yeye, mwalimu wa somo la tatu, je, alikerwa na mila hiyo? Thubutu! Aliipenda kufa. Kijana alipochomwa na miba kule pembeni kwa ajili ya heshima yake, Felisita alipita polepole zaidi, anasikia utamu moyoni, akijisemea kwamba mila si mbaya zote.

Lakini wakwe wa wengine hakuwasamehe. Mwulizeni Mboje. Mwaka juzi mama mkwe wake Mboje alizidiwa na homa, na mkokoteni ukawepo, na ng'ombe wakawepo, na Mboje mwenyewe akawepo. Ila angepandaje mkokoteni mmoja na mama mkwe? Akazunguka kijijini saa tatu nzima akitafuta mtu wa kuswaga ng'ombe. Yule mama alifika zahanati hajitambui, akapona kwa kudra za Mungu. Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa kijiji, Felisita alimsimamisha Mboje mbele ya watu mia mbili. "Mtazameni vizuri," alisema. "Huyu alitaka kumuua mtu kwa heshima." Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mboje alisimama akizungusha kofia yake mikononi, na alipoambiwa akae, akakaa.

Ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeshanyesha, watu wako mashambani na majembe ya ng'ombe. Mganga mfawidhi alikuwa semina Bariadi. Zahanati ilibaki na Felisita na Kabula, mhudumu wa usafi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupiga deki. Felisita alikuwa stoo akihesabu vyandarua aliposikia pikipiki inakuja mbio na honi juu. Akachungulia.

Aliyeendesha alikuwa Mboje, ambaye siku hizi anabeba abiria. Nyuma yake mtu amemlalia mgongoni, suruali imelowa mguu mzima. Mboje alikuwa akimteremsha huku anapiga kelele, "Nesi! Ng'ombe kampiga pembe! Hapa pajani, huku juu, karibu na... karibu na kule!"

Felisita akakiona kisogo. Kisogo kile angekijua kati ya visogo elfu. Halafu akasikia lile neno "kule" linamrudia kichwani kama kengele ya kanisa. Kidonda kiko kule. Suruali itakatwa. Na atakayeikata ni nani?

Hapa ndipo Felisita, akisimulia, hujitwanga kofi la paja. Maana miguu yake haikwenda mbele. Ilirudi nyuma. Mkono wake ukavuta pazia la stoo, naye akasimama nyuma yake katikati ya vyandarua.

Kabula akaja anakimbia, akaingiza kichwa. "Sista, mgonjwa! Ni mume wa..."

"Sema sipo," alinong'ona Felisita.

"Haa! Sista, lakini upo."

"Sema nimekwenda Bariadi. Mfunge bandeji, kaza, aende hospitali. Nenda!"

Kabula alimtazama kwa macho ambayo Felisita hajayasahau, akaenda. Na kule nyuma ya pazia nesi wa miaka ishirini na nne akaanza kujitetea mbele ya maboksi ya dawa. Kwamba Kabula anajua kufunga bandeji. Kwamba barabara ni nzuri siku hizi. Kwamba hospitalini kuna madaktari wa kiume. Kwamba kijana mwenyewe ataumia zaidi kwa fedheha kuliko kwa pembe, na kwa hiyo anamsitiri. Anamsitiri! Alijionea fahari kidogo, mwanamke huyu, kwa jinsi alivyo na huruma.

Kutoka kwenye benchi akasikia sauti ya Nyanda, imechoka. "Mama yupo?"

"Hayupo," alisema Kabula. "Kaenda Bariadi."

"Mungu ni mwema. Basi na mimi nipelekeni huko huko Bariadi."

Saa ya ukutani stoo ilikuwa usawa wa pua ya Felisita, na hakuwa na pa kutazama pengine. Zikapita dakika tano, zikapita nane. Akasikia bandeji inachanwa, Kabula anahema, Mboje anasema "kaza hapo, kaza." Kisha hatua zikasogea hadi kwenye korido na kusimama. Mtu alikuwa amesimama mbele ya pazia. Akasimama vile kwa muda. Kisha akaondoka, na pikipiki ikawashwa. Dakika kumi na moja.

Felisita akatoka. Kitu cha kwanza alichokiona ni sakafu. Sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile, na sasa kuanzia benchi hadi mlangoni ilikuwa damu, na chini ya benchi dimbwi kubwa kama sinia la wali. Watu wengine hawajui kusoma damu. Yeye hiyo ndiyo kazi yake, na sakafu ile aliisoma mara moja. Huyo hafiki Bariadi. Huyo hafiki hata barabara kubwa.

"Sista," alisema Kabula taratibu, anafuta mikono, "ni baba wa mjukuu wako."

Felisita hajui alichukua nini na aliacha nini. Anajua alikwapua sinia la vifaa na bandeji zote, na kwamba alikimbia. Mara ya mwisho kukimbia ilikuwa darasa la saba, mbio za magunia, na alikuwa wa mwisho. Sasa ana kilo tisini na mbili. Alikimbia sare imempanda magotini, kofia imedondoka, kuku wanampisha, mama mmoja aliyekuwa anapalilia bustani akaacha jembe akauliza, "Kuna moto?" Kwenye kalavati raba moja ilizama kwenye tope na kubaki hapo hapo. Hakugeuka. Alikuwa anasema kwa sauti, njia nzima, "Ee Mungu nisamehe, ee Mungu nisamehe, ngoja kidogo," kama vile Mungu naye yuko foleni.

Aliwakuta mbele ya ghala la ushirika la pamba. Nyanda alikuwa amelegea, kaanguka kutoka kwenye pikipiki, na Mboje alikuwa amemlaza juu ya magunia matupu, anamkandamiza pajani kwa shati lake mwenyewe. Watu kama ishirini wamezunguka, wanashika vichwa.

Mboje akainua macho. Akamtazama nesi kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye mguu uliobaki na kiatu. "Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, "umerudi Bariadi upesi."

Felisita alipiga magoti. Nyanda akafumbua jicho, akamwona aliyepiga magoti ni nani, na, hamwezi kuamini, mtu huyu ambaye hakuwa na damu ya kutosha hata kupepesa macho alianza kujiburuta kwa viwiko kurudi nyuma. Akajitahidi kuvuta kofia yake afunike uso. "Mama, hapana," alisema. "Hapana, mama. Shikamoo. Hapana."

"Nyamaza!" alifoka Felisita. "Mshikeni!"

Kabula alikuwa amefika nyuma yake, akamkabidhi mkasi. Suruali ikakatwa. Wanaume wote waliozunguka wakageuka mara moja, wakawa wanautazama ukuta wa ghala utadhani kuna tangazo la bei ya pamba. Kidonda kilikuwa kirefu na kina, damu inatoka taratibu bila kukoma, na bandeji ya Kabula ilikuwa imefungwa vizuri kabisa, lakini mahali sipo. Nesi angeliona hilo kwa nusu dakika, kama angekuwepo. Akajaza vitambaa vya gozi ndani, kitambaa juu ya kitambaa, akaweka ngumi zote mbili juu yake, akalalia na uzito wake wote.

Kilo tisini na mbili! Kilo alizozilaani kila Jumanne mbele ya mizani, alizozificha chini ya sare ya namba kubwa, leo zilimfaa. Alikandamiza dakika arobaini. Mikono ikafa ganzi, jasho likamtiririka hadi puani, na hakuna aliyemfuta kwa sababu wanaume wote walikuwa wamegeuka na mikono ya Kabula ilikuwa imemshika mgonjwa. Nyanda chini ya kofia yake alikuwa ananong'ona, "Samahani, mama. Samahani sana." Anaomba samahani yeye! Felisita alitamani ardhi ya Kasoli ipasuke imle pale pale, kiatu kimoja na yote.

Damu ikakubali. Wakamrudisha zahanati juu ya mlango wa ghala uliong'olewa, akatundikiwa dripu mbili, akachomwa ganzi, akashonwa, uso wake umefunikwa kanga ya Kabula mwanzo hadi mwisho ili heshima ibaki palipobaki. Gari la wagonjwa likaja kumpeleka hospitali akaongezewe damu. Goodness alifika kutoka shuleni mikono ina chaki, tumbo linatangulia, analia bila sauti. Kabla ya kupanda gari alimkumbatia mama yake akamshika kwa nguvu. "Mama," alisema, "umeniokolea mume wangu. Mungu akubariki mama yangu."

Felisita akasema, "Amina." Hebu fikirini, amina! Mdomo uliokuwa na maneno ya kufundisha kata nzima haukupata neno jingine.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kwa sababu zilikuwa nzuri. Mtendaji wa kijiji alimpa mkono kwa mikono miwili. Kanisani alitajwa kwenye sala za waumini. Baba yake Nyanda alileta mbuzi beberu wa kuondoa fedheha, maana mama mkwe ameona yasiyoonwa, na akashukuru "wabeja, mayu, wabeja" mpaka machozi yakamlenga. Watu walisimulia jinsi nesi alivyoteremka kwenye gari la Bariadi akakimbia moja kwa moja. Gari lenyewe likawa na rangi. Felisita hakuwa amesema uongo wowote tena. Alinyamaza tu, akawaacha wenzake waseme kwa niaba yake. Mbuzi alifungwa uani, na kila Felisita akitoka kupiga mswaki, mbuzi anaacha kutafuna, anamtazama.

Mboje naye hakusema kitu. Alikuja zahanati na ile raba iliyozama kwenye kalavati, kaiosha, kaikausha, akaiweka dirishani. "Mwadila, mayu," alisalimia. "Viatu vyako ni vyeupe sana. Mtu anaviona hata chini ya pazia."

Ndipo Felisita akaligeukia pazia. Pazia lile alilinunua kwa hela yake, kitambaa cha maua, kizuri, likafika chini kabisa. Kisha Goodness aliposhika mimba, bibi mtarajiwa akalipunguza, akalikata kipande cha mkono mzima akashona kofia tatu za mtoto na kijishuka. Tangu hapo pazia liliishia magotini. Amekaa nyuma ya pazia dakika kumi na moja, miguu yote nje, viatu vinang'aa kama taa za gari. Mtoto wa chekechea hujificha vizuri kuliko hivyo.

Jioni ile ile alimfungua mbuzi, akamburuta hadi kwa Mboje. "Sikuhongi," alisema, akihema. "Ni kwa ajili ya siku ile ya mkutano."

Mboje alimtazama mbuzi, akamtazama yeye. "Mayu, unaogopa nitasema?"

"Ndiyo."

"Mimi nilisimamishwa mbele ya watu," alisema Mboje. "Najua kulivyo huko. Sitamsimamisha mtu." Akachukua kamba ya mbuzi, akamfunga kwenye mti wa uzio. "Ila mbuzi namchukua."

Afadhali angemtukana. Jumapili baada ya misa Felisita alikwenda kwa mwanawe. Nyanda alikuwa bado hospitali. Goodness alimwandalia ugali na mlenda, akamnawisha mikono. Felisita hakula. Akamwambia yote: pazia, Kabula, Bariadi ya uongo. Alisema haraka haraka kama mtu anayebandua plasta.

Goodness alisikiliza mkono uko juu ya tumbo. "Dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Ulizihesabu."

"Saa ilikuwa mbele yangu, mwanangu."

Goodness aliinuka, akachukua kawa akafunika chakula. Hakupaza sauti. "Miaka yote nilipolala ndani ya ile stoo," alisema, "nilikuwa naona pazia linafunguka wewe unatoka. Kila akija mgonjwa, unatoka. Hata ukiwa na homa, unatoka. Mimi nilijua mama yangu hutoka." Akamfungulia mlango. "Nenda nyumbani, mama."

Simu ya asubuhi haikupokelewa. Ya mchana haikupokelewa. Ya jioni haikupokelewa. Siku tisa. Felisita alikuwa anapiga, anasikiliza ikilia mpaka mwisho, kisha anaiambia ile simu, "Umekunywa vidonge vya damu?" na kuiweka chini. Alilia jikoni, alilia stoo, na mara moja alilia wakati anampima mtoto wa watu uzito, akasingizia vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumanne ya pili ikafika. Mganga mfawidhi amerudi, yuko chumbani kwake anaona wagonjwa. Benchi limejaa. Uji ukapita, chandarua kikapita. Felisita akaweka mikono kiunoni kwa ajili ya somo la tatu. "Aibu," alisema, "inaua..." Akasita. Akajaribu tena. "Mkiingia mle ndani hakuna..." Sauti ikagoma. Bibi Salu, aliyeleta mjukuu kuchanjwa na ambaye somo lile amelisikia mara arobaini, akamsaidia: "Hakuna mkwe, mayu." Benchi likaitikia kwa kichwa.

Getini akaingia Nyanda, anachechemea na fimbo, Goodness kando yake. Alikuja kutolewa nyuzi. Felisita kwa mazoea akageuka apishe, na Nyanda kwa mazoea akageuka apishe, wakawa wamegeuziana migongo mbele ya kina mama thelathini.

"Mganga yupo," alisema Felisita akiutazama ukuta. "Mlango wa pili. Ni mwanaume, atamtoa nyuzi yeye."

Goodness ndiye aliyejibu, sauti kavu. "Anasema anataka aliyeshona ndiye afumue. Mimi sijui kwa nini. Nilimwambia asije."

Wakaingia chumba cha matibabu, Goodness akabaki upande wa pili wa skrini ya kitambaa. Nyanda akalala kitandani, akajifunika kanga usoni. Felisita akavaa glavu, akachukua mkasi. Akatoa uzi wa kwanza. Akatoa wa pili.

"Mkwe," alisema, na hakujua kama anaongea na kanga au na mtu. "Siku ile sikuwa Bariadi. Nilikuwa stoo."

"Najua, mama," ilisema kanga.

"Mboje kakwambia?"

"Hapana. Niliviona viatu. Nilipokuwa pale benchi, vilikuwa mbele yangu kabisa."

Mkasi ukasimama. "Uliniona! Na damu inakutoka! Mbona hukuita?"

"Nilikuwa naomba Mungu usitoke," alisema Nyanda. "Nilisema, Bwana, huyu mama akae huko huko. Nipe nguvu nifike kwa watu nisiowajua."

"Ungekufa njiani, wewe!"

"Ningekufa, ndiyo," alikubali Nyanda. "Ila ningekufa na suruali yangu."

Felisita alijizuia. Wallahi alijizuia. Lakini kicheko kilimtoka puani, kisha tumboni, kilo tisini na mbili zikatikisika zote, na kanga nayo ikaanza kuruka ruka usoni mwa mgonjwa. Walicheka mpaka akalazimika kuweka mkasi chini asije akamjeruhi upya. Machozi yalimtoka, na safari hii hakusingizia vumbi.

Skrini ikavutwa kwa nguvu. Goodness alikuwa amesimama pale, macho mekundu, mikono miwili chini ya tumbo. "Yaani mlikuwa wawili!" alisema. "Mmoja kajificha, mwingine anaomba asionekane! Wote wawili mlikuwa radhi mtoto huyu azaliwe hana baba, kwa sababu ya suruali? Suruali yenyewe ya mtumba!"

Kicheko kikakatika. Nje benchi zima lilikuwa linasikiliza bila hata kujifanya halisikilizi. Goodness akasogea kitandani, akaishika ile kanga, akaivuta.

Felisita akamwona mkwe wake. Alikuwa na uso wa kawaida tu, masikio makubwa, kakovu kwenye nyusi, na macho ya mtu aliyeogopa sana. Akafikiri, kumbe ndiye huyu. Huyu ndiye niliyekuwa karibu nimwache afe.

"Tazamaneni," alisema Goodness. "Mwezi wa kwanza nitajifungulia hapa hapa, kwenye chumba hiki. Nawataka wote wawili ndani. Atakayeona aibu aseme sasa."

Felisita alitaka kusema kwamba utaratibu hauruhusu wanaume, na kwamba kitanda kina tatizo la mguu mmoja, na mengine mengi. Alisema, "Nitakuwepo."

"Na mimi," alisema Nyanda.

"Na vidonge vya damu nimekunywa," alisema Goodness, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kila siku. Malizia nyuzi, mama."

Akamalizia. Zilikuwa kumi na nne, na ya mwisho alimtolea huku anamtazama usoni, akamuuliza kama inauma, naye akasema haiumi, na wote walijua anasema uongo. Kisha akavua glavu, akanawa, akatoka nje. Kina mama thelathini walikuwa wanamsubiri. Akaweka mikono kiunoni, kisha akaona haikai, akaishusha.

"Tulikuwa tumefikia wapi?" aliuliza.

"Aibu, mayu," alisema bibi Salu.

Felisita akasogea kwenye benchi, akawaomba wajibane kidogo, akakaa katikati yao. Akavua raba zake mbili akaziweka mbele, zionekane na kila mtu.

"Haya," alisema. "Hivi viatu mnaviona?"